Injini ya YZ125 imeshika Pwani: silinda ichongwe?

Fundi, salamu.

Mwanangu ana miaka 16 na anakimbiza Yamaha YZ125 ya mwaka 2008, ile ya mipigo miwili, isiyo na taa wala namba. Tuliinunua mkononi mwa mtu hapa Nairobi mwaka jana. Kazi yake ni uwanjani tu: tunaipakia kwenye pikapu, anakimbiza Jamhuri, tunarudi nayo nyumbani. Haikuwahi kutusumbua.

Likizo ya Agosti tuliipeleka Kilifi kwa shemeji yangu, ambako vijana wamechora uwanja wao kwenye mchanga. Siku ya kwanza, baada ya dakika kama ishirini, kijana akiwa kwenye ule mstari mrefu, gia ya tano, mafuta yamefunguliwa yote, injini ililia kwa ukali usio wa kawaida, kisha gurudumu la nyuma likafunga. Alianguka. Bega limechubuka tu, tunashukuru.

Ilipopoa, kiki ilizunguka lakini kwa uzito. Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Fundi mmoja wa boda alifungua kichwa na silinda: pistoni imekwaruzika upande wa ekzosi, na silinda ina michirizi ya rangi ya fedha. Anashauri tuchonge silinda tuweke pistoni ya ovasaizi. Rafiki wa kijana anasema tatizo ni oili kidogo, tuchanganye 20 kwa 1. Sisi hulenga 30 kwa 1, lakini nakiri tunapima kwa kifuniko cha chupa.

Jambo jingine. Kama wiki mbili kabla ya safari kijana alilalamika kwamba akifunga mafuta, injini inachelewa kushuka, inabaki inalia juu kidogo kabla ya kutulia. Niliona ni kebo, nikaitia oili. Kabureta hatujaigusa tangu tununue. Aliyetuuzia aliandika kwenye karatasi: jeti kuu 400, jeti ndogo 40, klipu ya sindano tundu la tatu kutoka juu.

Tuchonge? Kosa letu ni lipi? Na kijana atarudi uwanjani lini?

Mzazi, Lang'ata


Ndugu mzazi, pole kwa kijana, na pole kwako uliyeona akianguka. Nianze na lisiloweza kungoja: silinda isichongwe. Kama bado iko kwa fundi, mpigie simu sasa.

Fundi wako hakosei kwa pikipiki anazozijua. Silinda za boda nyingi zina slivu ya chuma ndani. Ikikwaruzika inachongwa robo milimita, inawekwa pistoni ya ovasaizi, maisha yanaendelea. YZ125 haina slivu. Silinda yake ni aluminiamu iliyopakwa ndani utando mwembamba sana wa nikeli na chembe za silikoni kabaidi, mgumu kuliko chuma cha slivu. Mashine ya kuchonga ikipita hapo mara moja, utando umekwisha, na pistoni mpya itasugua aluminiamu tupu. Haitamaliza siku moja ya mazoezi.

Habari njema ni kwamba kwa sababu utando ni mgumu, pistoni ndiyo huumia kwanza. Ile michirizi ya fedha unayoiona huenda si mikwaruzo. Mara nyingi ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka na kunata juu ya utando, kama ugali ulioshika sufuria. Inaondolewa hivi. Peleka silinda nje penye upepo, vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Chukua asidi ya hidrokloriki, ile inayouzwa kwenye hadwea kwa kusafishia vigae, chovya kijiti cha pamba cha masikio, upake juu ya mchirizi peke yake. Itatoa povu, maana asidi inakula aluminiamu na kuuacha utando. Povu likitulia, futa, paka tena. Usiiache iguse kingo za matundu ya ekzosi na ya kupitishia hewa, kwa sababu hapo aluminiamu ya silinda yenyewe iko wazi na italiwa vivyo hivyo. Povu likikoma kabisa, osha kwa maji mengi na sabuni, kausha, paka oili papo hapo. Malizia kwa kusugua kwa mkono na sponji la kijani la kuoshea sufuria, jipya, mwendo wa kukatiza kwa mshazari, mpaka ndani kuwe na rangi moja ya kijivu.

Sasa pitisha ukucha kutoka juu hadi chini. Ukipita bila kukwama, na hakuna doa jeupe la aluminiamu linalochungulia chini ya ule ukijivu, silinda imepona. Ukucha ukikwama, au ukiona utando umebanduka pembeni mwa tundu la ekzosi, njia ni mbili: kuituma kwa karakana inayopaka upya utando huo, au kununua silinda nyingine. Hapo katikati hakuna njia ya tatu, hata ukiahidiwa na nani.

Pistoni usiitupe. Iweke mezani penye mwanga, kwa sababu ndiyo shahidi wako mkubwa. Injini ya mipigo miwili hushika kwa namna kadhaa na kila moja huacha alama yake. Ikishika kwa sababu ya kupigwa resi kabla ya kupata joto, pistoni hutanuka haraka kuliko silinda, na mikwaruzo hukaa sehemu nne kama miguu ya meza. Ikikosa oili, ubavu wote hukwaruzika kuzunguka, na ukiushika mguu wa konrodi unaona rangi ya samawati ya chuma kilichoungua. Vumbi likipita kwenye chujio, upande wa kuingizia hewa, kwa chini, hupata mistari mingi myembamba ya kijivu, kana kwamba umesugua kwa msasa. Na injini ikipata petroli kidogo kuliko hewa iliyovuta, joto hupanda upande wa ekzosi, ambao tayari ndio wa moto zaidi. Pistoni hukwaruzika hapo, ringi hunata kwenye mfereji wake, na kichwani rangi ya kahawia hutoweka ikabaki nyeupe au kijivu kikavu.

Upande wa ekzosi, plagi nyeupe kama chaki, mlio wa ukali kabla ya kufunga: hiyo ni ya mwisho. Injini yenu ilikosa petroli.

Kwa nini Kilifi na si Jamhuri? Kwa sababu ya hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyembamba. Ukishuka hadi ufukweni, hata kwa joto la Pwani, kila lita ya hewa inayovutwa na injini inakuwa na uzito wa karibu moja ya tano zaidi. Kabureta haijui hilo. Tundu la jeti ni lile lile, na petroli inayopita haiongezeki kwa kiwango kile kile. Aliyewauzia alifanya kazi nzuri, jeti zake ni za Nairobi, na ndiyo maana mwaka mzima hamkusumbuka. Kosa ni kuzipeleka baharini bila kuzibadilisha.

Halafu kuna mchanga. Kwenye udongo wa Nairobi kijana hufungua mafuta, hufunga, huvunja kona, hufungua tena. Kwenye mchanga mlaini gurudumu la nyuma linachimba, mafuta yanabaki wazi sekunde nyingi mfululizo, na injini inavuta mzigo mzito bila pumziko. Hata mtu anayeishi Pwani huongeza jeti kuu hatua moja akitoka kwenye udongo mgumu kwenda kwenye mchanga. Ninyi mliongeza hewa na mzigo siku moja.

Lakini lile neno la kijana kwamba injini inachelewa kushuka lilikuwa la maana, na nakuomba siku nyingine ulipokee hivyo. Mwendeshaji ana injini katikati ya magoti yake. Akisema imebadilika, imebadilika. Kebo inayonata hufanya hivyo, ni kweli, na kuitia oili hakukuwa vibaya. Kama hali iliendelea baada ya kebo kulainika, basi injini ilikuwa inavuta hewa mahali pasipopita petroli. Mahali penyewe huwa patatu: mpira wa kabureta uliopasuka au klampu iliyolegea, gasketi chini ya ridi (vile vibamba vinavyofunguka kuruhusu mchanganyiko kuingia) au chini ya silinda, na oili sili ya kranki upande wa kushoto, nyuma ya magneto. Sili ya kushoto ndiyo mshukiwa wangu. Ikikauka inavuta hewa tupu na kuufanya mchanganyiko kuwa mwepesi, yaani wenye petroli kidogo kuliko hewa. Ile ya kulia, upande wa klachi, huvuta oili ya gia: dalili zake ni moshi mwingi mweupe, plagi yenye mafuta, na oili ya gia unayoimwaga kuwa pungufu ya uliyoweka.

Kwa hiyo usifunge pistoni mpya ukadhani umemaliza. Ukibadilisha pistoni bila kupata chanzo, utainunua nyingine ndani ya mwezi.

Kuhusu oili. Ushauri wa 20 kwa 1 ni wa nia njema, ila unaelekea upande mbaya. Oili inapita tundu lile lile la jeti pamoja na petroli. Ukiiongeza, katika kila lita inayopita, nafasi ya petroli inapungua, na mchanganyiko na hewa unazidi kuwa mwepesi. Tofauti ni ndogo, haifiki asilimia mbili, lakini haimponyi mgonjwa aliyekosa petroli. Bakini na 30 kwa 1, ila mpime. Nunueni sirinji kubwa ya duka la dawa au kopo la jikoni lenye mistari ya mililita. Lita 5 za petroli zinataka mililita 167 za oili, lita 10 zinataka 333. Tumieni oili ya mipigo miwili iliyotengenezwa kwa mashindano, si ile ya mashine ya kukatia majani. Tikiseni mtungi kabla ya kila kujaza, na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiende kwenye YZ.

Petroli yenyewe ichukuliwe kwenye kituo chenye wateja wengi, moja kwa moja kutoka pampuni. Iliyochanganywa na mafuta ya taa hupasuka kabla ya wakati ndani ya silinda, na Pwani hatari hiyo ni kubwa kuliko Nairobi, kwa sababu hewa nzito inaongeza mgandamizo. Angalia ukingo wa pistoni yako ya zamani: ukiwa na vishimo vidogo kama umepigwa na chembe za mchanga, mlipuko wa namna hiyo ulikuwapo. Hapo uulize kama kichwa cha silinda kiliwahi kupunguzwa, maana wako wanaokipunguza ili warudishe nguvu iliyoliwa na mwinuko wa Nairobi. Ukifika kwenye kufunga, weka vipande viwili vya waya wa solda vyenye unene wa milimita 2 juu ya pistoni, kushoto na kulia, usawa wa pini, vifike hadi ukutani mwa silinda. Funga kichwa kwa kukaza kamili, zungusha taratibu hadi pistoni ipite juu, fungua, pima ncha zilizobanwa kwa venia. Zikiwa chini ya milimita 1, kichwa kimeguswa, na pikipiki hiyo isiende Pwani mpaka upate kichwa kingine au gasketi nene zaidi.

Tuje kwenye kazi ya mikono. Kabla ya pistoni mpya, shika konrodi, ivute juu na kuisukuma chini. Ikicheza hata kidogo, ikitoa ule mlio wa tik, beringi ya chini imekwisha na kranki nzima lazima itoke. Kucheza kidogo kwa pembeni ni sawa. Injini ikishika, vipande vya aluminiamu hudondoka chini, kwa hiyo mimina petroli safi iliyochanganywa na oili kidogo ndani ya chumba cha kranki, zungusha, pindua injini, mwaga. Rudia mpaka kinachotoka kiwe safi kabisa ukikipitisha kwenye kitambaa cheupe. Watu huruka hatua hii kwa sababu inachosha. Kipande kimoja kama punje ya sukari kikiingia kwenye beringi, kazi yote ni bure.

Pistoni inunuliwe baada ya silinda kupimwa, si kabla. Pistoni za injini hii huuzwa kwa herufi, A, B na kuendelea, na kati ya herufi moja na nyingine kuna sehemu ya mia ya milimita. Mpe fundi mashine silinda iliyosafishwa, aipime ndani mahali patatu kwenda chini, kwa pande mbili. Kipimo kikubwa kuliko vyote ndicho kitakachochagua herufi. Nafasi ya ringi na nafasi kati ya pistoni na ukuta ifuate karatasi iliyo ndani ya boksi la pistoni hiyo, kwani pistoni ya kusubu na ya kufua hazitanuki sawa. Badilisha pia beringi ndogo ya pini, pini, na vifungio vyake. Vifungio vya zamani visirudi kamwe, na midomo yao iangalie juu au chini, si pembeni. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Na vali ya ekzosi, ukiwa umeifungua, isafishe masizi hadi icheze kwa kidole. Ikinata imefungwa injini haivuti juu, ikinata wazi inakosa nguvu chini.

Sili za kranki mbadilishe zote mbili, hata kama mnadhani ya kushoto peke yake ndiyo mbovu. Ni vitu vya bei ndogo. Gurudumu la magneto litolewe kwa pula yake maalumu. Nyundo hupindisha kranki. Mdomo wa sili mpya upakwe grisi, na isukumwe sawasawa kwa soketi yenye kipenyo chake.

Sasa kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi, na laiti wangekifanya, pistoni nyingi zingekuwa hai. Injini ikishafungwa, kabla ya kuwashwa mara ya kwanza, pima kama inashikilia hewa. Chombo kipo duka la dawa: mashine ya kupima presha ya damu, ile yenye saa ya mshale na mpira wa kubonyeza kwa mkono. Saa yake hufika 300, na hapo ndipo tunapopahitaji. Ziba tundu la ekzosi kwa kizibo cha mpira kinachobana vizuri. Kwenye mpira wa kabureta, ingiza kipande cha bomba la PVC chenye kipenyo cha mdomo wa kabureta, kilichozibwa upande mmoja na kutobolewa katundu ka kupitishia mpira wa presha. Kaza kwa klampu yake ile ile. Plagi iwe mahali pake, pistoni iwe chini kabisa ili matundu yote ya ndani yawe wazi. Bonyeza taratibu hadi 280 au 300, usizidishe, kisha funga skrubu ya mpira na utazame mshale kwa dakika moja. Ukishuka 50 au chini yake, sawa. Ukianguka haraka, chukua brashi na maji ya sabuni, paka kuzunguka mpira wa kabureta, ridi, chini ya silinda, na sili ya kushoto kifuniko cha magneto kikiwa kimefunguliwa. Mapovu yatakuonyesha. Mapovu kwenye mhimili wa vali ya ekzosi yasikutishe sana. Hapo panavuja masizi nje, hapaingizi hewa kwenye mchanganyiko. Kama mshale unashuka na huoni povu popote nje, toa kifuniko cha kujazia oili ya gia, kisha sikiliza. Sauti ya pumzi humo ni sili ya kulia.

Kipimo kikipita, rudisheni jeti za zamani kwa matumizi ya Nairobi: 400, 40, tundu la tatu. Zilikuwa sahihi. Ila zikague upya, kwa sababu kama sili ilikuwa ikivuja muda mrefu, huenda jeti zilikuwa zikificha uvujaji huo. Skrubu ya hewa ndiyo itakayokuambia. Injini ikiwa ya moto, igeuze taratibu mpaka upate mahali inaponguruma juu zaidi na kwa utulivu. Mahali hapo pakiwa kati ya mzunguko mmoja na miwili na nusu kutoka kufungwa, jeti ndogo ni sawa. Pakiwa chini ya mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno. Pakizidi miwili na nusu, ni kubwa mno.

Kwa Kilifi, hesabu ni hii. Kiasi cha petroli kinachotakiwa kuongezwa kwenye jeti hakifuati uzito wa hewa moja kwa moja, kinafuata kipeuo chake cha pili. Hewa ikiongezeka uzito kwa moja ya tano, jeti inapanda kwa asilimia 9 hivi. Namba za jeti kuu za Mikuni zinapanda kwa kumi, kwa hiyo 400 inakuwa 430 au 440. Kwa sababu ya mchanga, anzeni na 450, jeti ndogo 45, na klipu ishuke tundu moja, yaani la nne, ili sindano ipande. Mchanganyiko utakuwa mzito kidogo, yaani wenye petroli nyingi: pikipiki itagugumia ikifunguliwa yote, itatoa moshi. Acheni igugumie. Kutoka hapo mnashuka jeti moja moja. Kupanda kutoka kwenye wepesi kunagharimu pistoni. Kushuka kutoka kwenye uzito kunagharimu plagi tu.

Kila jeti ijaribiwe kwa plagi mpya, ya namba ya joto iliyoandikwa kwenye mwongozo wa Yamaha. Kwa plagi za NGK namba ndogo ni plagi ya moto zaidi, na wauza vipuri hupenda kutoa ya 8 wakikosa ya 9. Kijana apashe injini joto kwa plagi ya zamani, aweke mpya, apite mstari mrefu mafuta wazi yote, na mwishoni abane klachi na kuzima injini kwa wakati mmoja, asirudi nayo ikinguruma. Toeni plagi papo hapo. Ncha na waya wa nje havitoshi kusoma kwa petroli ya siku hizi. Tazameni ndani kabisa, pale kaure inapoingia kwenye chuma, kwa tochi na kioo cha kukuzia. Mnatafuta pete ya rangi ya kahawia. Ikiwa nyeusi na pana, shukeni jeti moja. Ikiwa hafifu au haipo, pandeni mbili na msipite tena mstari ule mpaka mmebadilisha. Sikio nalo lifundishwe: mchanganyiko mzito unatoa mlio wa kugonga kama mvua juu ya mabati, na injini haifiki mwendo wake wa juu; mwepesi ni mkali, mkavu, na injini inabaki juu mafuta yakishafungwa.

Mkirudi Nairobi, jeti zirudi pia, la sivyo plagi zitakufa moja baada ya nyingine. Na kama siku moja mtakwenda Garuga kule Uganda, kando ya Ziwa Victoria, pale ni mita 1,100 na ushei, anzeni na 420. Jeti zote hizi zinaenea kwenye kikebe kidogo. Zikae ndani ya boksi la vifaa pamoja na karatasi ya yule aliyewauzia, na kila badiliko liandikwe hapo kwa tarehe, mahali na hali ya hewa.

Kuna kingine ambacho hamkukitaja. Pikipiki hii haina kipima kilomita, na umri wake unahesabiwa kwa saa. Nunueni kile kipima saa kidogo ambacho waya wake huzungushwa kwenye waya wa plagi. Kwa kijana anayeikimbiza kwa bidii, pistoni na ringi zibadilishwe kwenye saa 20 hivi, hata kama injini inawaka vizuri. Oili ya gia kila saa tano. Chujio la hewa lioshwe na kupakwa oili kila siku ya kukimbia; kwenye mchanga, kila kipindi, mkibeba mawili au matatu yaliyo tayari kwenye mfuko. Kama hamjui pistoni iliyoshika ilikuwa na saa ngapi, na naona hamjui, basi nayo ilikuwa imechoka kabla ya Kilifi.

Kijana atarudi lini? Kazi ya kusafisha na kufunga ni siku mbili kama vipuri vipo. Siku ya tatu ni ya kuzoesha injini. Iwasheni, iacheni ingurume bila kupigwa resi mpaka rejeta zote mbili ziwe za moto mkononi, zimeni, iache ipoe kabisa hadi silinda iwe baridi. Fanyeni hivyo mara tatu. Kisha aiendeshe dakika kumi na tano, akifungua nusu, akibadilisha mwendo, asishikilie sehemu moja. Ipoe, kazeni tena nati za kichwa kwa spana ya kupimia nguvu kama mwongozo unavyosema, angalieni maji ya rejeta. Kipindi cha pili robo tatu. Cha tatu anaweza kufungua yote kwa muda mfupi mfupi.

Na vidole viwili vya mkono wa kushoto vibaki juu ya klachi kila mstari mrefu, siku zote. Injini ya mipigo miwili ikianza kushika hutoa onyo la nusu sekunde: nguvu inalegea, sauti inabana, kama mtu amekanyaga breki ya nyuma bila kukuambia. Akibana klachi hapo hapo, gurudumu linaendelea kuzunguka na anatoka nje ya njia akiwa amesimama. Mazoezi yake ni rahisi. Akiwa uwanjani mtupu, mwendo wa wastani, wewe pembeni unapiga firimbi bila kumtahadharisha, yeye anabana. Mara ishirini kabla hajaruhusiwa kufungua yote tena.